Kiti Yu Wapi?

Watu wa kichochoro kile cha Mji wa Kale wa Mombasa walimwita Bi Raihana "mwenye mshahara wa masikio." Aliyeanzisha ni Athmani, fundi wa saa mwenye kibanda chini ya ngazi, na neno likitoka kwa Athmani asubuhi, adhuhuri huwa limeshafika sokoni.

"Bi Raihana," alimwambia siku moja bila kuinua jicho lenye kioo cha kukuzia, "sisi wengine twasikia bure, wewe wasikia kwa mshahara. Huoni kama ni dhuluma?"

"Wewe husikii, Athmani. Wewe wasema tu."

"Basi nilipe kwa kusema!"

Kombe, tarishi wa ofisi alimofanya kazi Bi Raihana, juu ya kibanda hicho, alipita katikati yao na kitita cha funguo, akitabasamu ukutani. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Mtu mzima wa miaka hamsini, mwenye mvi pembeni, lakini akitaka kucheka hutafuta ukuta wa kuuchekea. Kazi yake ilikuwa kufungua milango, kufagia, kuchemsha chai ya mkandaa na kupeleka barua. Kazi nyengine, ambayo hakuna aliyempa, ilikuwa kumstaajabia Bi Raihana.

Bi Raihana alikuwa mtafiti wa mambo ya elimu. Alizaliwa hatua chache tu kutoka hapo, katika nyumba ya mawe yenye dirisha moja la kutazama njia, akasoma hapa kisiwani, akaenda kusoma ng'ambo, akarudi na shahada ya udaktari na kandambili zilezile za mpira alizoondoka nazo. Kombe alidhani mtafiti wa shule ni mtu wa kuhesabu vitu: madawati mangapi, vyoo vingapi, vitabu vingapi. Bi Raihana alihesabu pia, lakini hayo aliyamaliza upesi, kama mtu anayeosha vyombo ili apate kupika. Kisha aliingia darasani, akavua kandambili zake mlangoni, akaketi chini nyuma kabisa na kinasa sauti kidogo mapajani, akakaa hapo siku baada ya siku mpaka watoto wakasahau kwamba kuna mtu.

Akirudi ofisini, alivaa visikizio vya masikioni, akafumba macho, akaanza kusikiliza. Sentensi moja aliirudia, akairudia, akairudia. Kombe alimletea chai ikapoa, akamletea nyengine, nayo ikapoa. Uso wa mwanamke yule ulikuwa kama wa mtu anayepapasa kitambaa gizani akitafuta mahali kilipochanika.

Siku moja Kombe alijikaza akauliza. "Bi Raihana, uniwie radhi. Hapo wasikia nini?"

Akampa kisikizio kimoja. Ilikuwa sauti ya mwalimu peke yake, sauti ya kawaida, bila hasira. "Salma, wewe waonaje? Kwa nini maji ya bahari hayanyweki?" Kikapita kimya kidogo. Kisha: "Wewe hapo nyuma, simama ufute ubao."

"Umesikia?" akauliza Bi Raihana. "Mmoja ameulizwa, mwengine ametumwa. Mwalimu hana ubaya, wala hajui kama ametenda jambo. Sasa chukua darasa zima. Chukua mwaka mzima. Chukua miaka yote ya shule. Kisha utazame ni nani wanaoulizwa na ni nani wanaotumwa."

"Ni nani?"

"Mkoloni alipokuwa hapa, alijenga shule ya Mzungu, shule ya Mhindi, shule ya Mwarabu na shule ya Mwafrika. Kila rangi na lango lake. Malango hayo tumeyang'oa, alhamdulillahi, leo watoto wote waingia mlango mmoja. Lakini nikisikiliza, kaka Kombe, nasikia ile mistari yake. Imehama kutoka barabarani, imeingia darasani, imekaa baina ya dawati na dawati."

Kombe alirudi jikoni akaketi juu ya debe. Mamake alikuwa yaya katika nyumba moja kubwa ya mtaa wa Kizingo, na kwa hisani ya tajiri mwenye nyumba yeye alisomeshwa shule ya hukohuko, pamoja na watoto wanaoletwa kwa magari. Alitumwa chaki. Alitumwa maji ya mwalimu. Alitumwa kumwita dereva, kufuta ubao, kufunga madirisha mvua ikija. Alifika darasa la nane anaijua kila pembe ya shule ile, ila hajui kugawanya kwa njia ndefu. Na miaka yote hiyo, mpaka asubuhi hiyo juu ya debe, aliamini kwamba walimu walimpenda. Alidhani kutumwa ni kupendwa.

Hakulia. Alishangaa tu, kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyolala utotoni ilikuwa na chumba kimoja zaidi ambacho hakuonyeshwa.

Jioni, walipokuwa wakifunga, Bi Raihana alimsimulia jambo alilokuwa hamsimulii kila mtu. Babu yake mzaa baba alinyonyeshwa na mwanamke wa bara ya Mombasa, wa wale watu walioitwa Wanyika kwa dharau, kwa sababu mamake mzazi alikuwa mgonjwa. Mwanamke huyo alikuwa na mtoto wake wa kiume, akawanyonyesha wote wawili, huyu titi hili na huyu titi lile. Wakawa ndugu wa kunyonya, undugu ambao dini yenyewe inautambua. Ukafika wakati wa shule. Babu akaandikwa Mwarabu, akapata nafasi. Nduguye akaandikwa Mwafrika, akaambiwa nafasi hakuna. Mmoja akawa karani bandarini, mwengine akawa mpagazi bandari hiyohiyo.

"Kila Idi yule mpagazi alikuja nyumbani kwetu," alisema Bi Raihana, akivuta komeo. "Walikula sinia moja mpaka mauti yakawatenga. Darasa moja hawakukaa hata siku moja. Mimi nilikuwa mtoto, nikamuuliza babu, kwani yeye hakutaka kusoma? Babu akaondoka mezani. Basi ndilo swali ninalolisomea mpaka leo."

Kombe alikwenda kwake mtaa wa Bondeni kabla usiku haujaingia, akiwa na mambo mengi ya kufikiri na hakuna hata moja la kusema. Na nyumbani kulikuwa na jambo lake.

Mtoto wake wa mwisho, wa kiume peke yake baada ya mabinti, aliitwa Kiti. Kwa Wagiriama, kabila lake Kombe, hilo ni jina kama majina mengine. Babake Kombe ni Kiti, mzee yuko hai, yuko Rabai na minazi yake. Na kwao jina la babu halichaguliwi, mtoto wa kwanza wa kiume huzaliwa nalo. Lakini mtoto huyu alizaliwa mjini, akasoma mjini, na mjini kiti ni cha kukalia.

Mwanzo wa mwaka, alipoingia gredi ya tatu, tumbo lilianza kumuuma kila asubuhi. Lilimuuma mpaka kengele ya shule ilie, kisha likapoa. Walimpeleka zahanati, hakuonekana na ugonjwa. Baadaye shule ikaleta habari: mtoto hajibu. Hata akiitwa jina asubuhi, hajibu. Ni mzito, pengine arudie gredi, pengine atafutiwe shule ya watoto maalumu. Dadake ndiye aliyemwambia mama kwamba wenzake humcheka kwa ajili ya jina.

Mejumaa, mkewe Kombe, hakuwa mtu wa kulala na jambo.

"Jina gani hilo la kukaliwa!" alisema. "Wajua kuna kijana alimwinamisha akataka kumkalia?"

"Ni jina la baba."

"Baba ana minazi, na minazi haicheki. Mwanangu ana darasa."

"Sasa aitwe nani?"

"Ken. Fupi, safi, halina miguu minne."

Kombe aliuangalia ukuta. Aliona haya kukataa, na aliona haya kukubali, na kwa mtu wa namna yake hilo huhesabiwa kuwa amekubali. Mejumaa akazungumza na wakili mmoja anayeandika viapo vya kubadili majina, akapewa miadi ya Jumatatu. Kilichobaki ni kumpigia mzee simu Rabai kumwambia kwamba jina lake limeondolewa kwa mjukuu wake, kwamba akifa limekufa. Mejumaa alisema hiyo ni kazi ya Kombe. Kila siku alitoka nje na simu, akasimama, akarudi ndani.

"Umempigia?"

"Mtandao mbaya."

"Mtandao uko tumboni mwako."

Wiki hiyohiyo waya wa visikizio vya Bi Raihana ukakatika. Alirudisha mlango wa chumba chake akaweka sauti wazi, chini chini, kwa sababu Kombe alikuwa ametoka kwenda posta. Kombe alirudi mapema. Akachemsha chai, akapanda nayo kama kawaida yake, bila kishindo, akausukuma mlango kwa bega.

Sauti ya mwanamke mchangamfu ilikuwa ikiita majina ya asubuhi. "Masha yupo? Naomi yupo? Ashley yupo?" Watoto waliitika mmoja mmoja. "Kiti kipo?"

Darasa likacheka.

"Kiti ki wapi? Kimevunjika?"

Likacheka zaidi. Sauti ikaendelea na majina mengine.

Bi Raihana aligeuka akamwona, akazima upesi. "Astaghfirullah. Kaka Kombe, nisamehe. Hukupaswa kusikia. Sauti za watu ni amana."

"Sijasikia," alisema Kombe, kwa adabu.

Lakini Bi Raihana alikuwa amejaa jambo, na aliyejaa humwagika kwa aliye karibu. "Watoto wale siwajui majina, sikutaka kuyajua, ili nisipendelee. Na hapa karibu nipitwe. Mara ya kwanza nilisikia mwalimu anauliza kiti. Nikasema, mtu kaondoa kiti cha mwalimu, watoto wanafanya mzaha. Nikaendelea mbele. Usiku nikakosa raha, sijui kwa nini. Leo nimerudi kusikiliza sakafu."

"Sakafu?"

"Kiti kikitafutwa darasani, kitaburutwa. Mguu wa kiti ukikwaruza saruji hauna siri. Nimesikiliza mpaka mwisho, hakuna kilichoburutwa. Basi si kiti. Nikarudi kwenye majina. Yupo, yupo, yupo, halafu kipo. Na baada ya kipo, wote wanacheka, ila kuna pumzi moja karibu kabisa na kinasa sauti. Inavutwa ndani, hivi," akavuta pumzi fupi ya mtoto anayetaka kusema, "kisha inaachwa bila neno. Siku ile mbele yangu kulikuwa na mgongo mdogo wa kijana mmoja. Ndiye huyo. Kiti ni mtoto, kaka Kombe."

Kombe alikuwa ameshika sinia ya chai kwa mikono miwili.

"Na tazama alivyofungwa," aliendelea Bi Raihana, sauti yake imeshuka. "Ameulizwa 'kipo?' Atajibu nini? Akisema 'nipo,' amejibu swali ambalo hakuulizwa. Akisema 'kipo,' amejitukana kwa kinywa chake. Hakuna jibu katika Kiswahili chote ambalo mtoto huyo aweza kulitoa. Basi ananyamaza. Nao wanamwandika mzito."

Katika maisha yake Kombe alikuwa ameona mambo ya kustaajabisha. Alimwona daktari akisikiliza kifua cha mamake akajua ugonjwa ulio ndani. Lakini hakuwahi kuona mtu anayesikia pumzi ya mtoto asiyemjua, akatambua nini kilikuwa ndani ya pumzi hiyo na nini kilikizuia kutoka. Yeye aliishi na mtoto huyo chumba kimoja. Alimpaka mafuta tumboni kila asubuhi. Alidhani ni watoto wenzake tu wanaomcheka. Hakujua kwamba asubuhi kwa asubuhi mwanawe alikuwa akitolewa katika watu na kutiwa katika vitu, kwa herufi mbili.

Alitaka kusema: ni wangu.

"Chai itapoa," alisema.

Ijumaa mchana ulikuwa wakati wa kuwarudia walimu wa shule ile. Bi Raihana alikuwa na desturi hiyo, tofauti na watafiti wengine ambao huchukua na kwenda zao: alichokisikia shuleni alikirudisha shuleni kwanza, kabla hakijaandikwa popote. Hakutaja jina la mwalimu wala la mtoto, wala hakucheza sauti zao. Alimwomba Kombe ambebee spika na waya. Kombe alibeba, akaziunganisha kwenye ukuta wa chumba cha walimu, kisha akasimama pembeni karibu na kabati, mahali ambapo tarishi husimama.

Walimu walikuwa wamechoka, na yenyewe ilikuwa Ijumaa. Mwalimu Zilpah aliketi mbele, mwanamke mnene wa bara, wa Magharibi mwa nchi, mwenye kicheko cha karibu, ambaye watoto walimpenda, na Kombe aliitambua sauti yake kabla hajasema sentensi ya pili. Nyuma yake alikuwa Mwalimu Kingi, mzaliwa wa Mombasa, hodari wa maneno.

"Leo nitawapa mtihani," alisema Bi Raihana. "Msinichukie. Nitasema neno, nanyi mniambie ni mtu au ni kitu. Ameketi."

"Mtu!" wakaitika, wakicheka, kama watoto.

"Kimeketi."

"Kitu!"

"Yuko nyuma."

"Mtu!"

"Kiko nyuma."

"Kitu!"

"Bi Raihana, haya ni ya gredi ya kwanza," alisema Mwalimu Kingi. "Tupe magumu, sisi tuna vyeti."

"Haya, gumu ndilo hili. Kimenyamaza."

"Kitu!" wakasema wachache, kisha wakasita.

"Kinaogopa."

Hakuna aliyeitika.

"Kimevunjika moyo hakiji shule."

Feni ilizunguka juu. Mwalimu Zilpah alikuwa ametabasamu tangu mwanzo, na tabasamu lilibaki usoni muda baada ya yeye mwenyewe kuondoka ndani yake.

"Ni mimi huyo," alisema. "Ni Kiti wangu."

"Sikusema ni wa nani, mwalimu. Nimesikiliza shule nyingi, na kila shule ina chake."

"Hapana, ni mimi. Siku ya kwanza nilipewa majina, nikaona Kiti, nikadhani ni makosa, kwamba mtu ameandika darasa linahitaji kiti. Nikaenda stoo nikaleta kiti kweli! Watoto wakacheka mpaka machozi, nami nikacheka, ikawa mchezo wetu wa asubuhi. Huwa tunacheka naye."

"Yeye hucheka?"

Mwalimu Zilpah akafungua kinywa. "Sijui," alisema. "Sikumtazama."

"Na hapa tusikuze mambo," aliingia Mwalimu Kingi. "Hii ni Mombasa. Sisi ni watu wa utani. Mimi nina watani wangu Wagiriama, tukikutana msibani wananivua viatu. Nani aliyekufa kwa utani?"

"Hakuna, mwalimu. Utani ni mzuri," alisema Bi Raihana. "Lakini mtani hujibu. Ukimtupia neno, akutupia lake, na kama ni hodari, lake ni kali zaidi. Mimi nimesikiliza asubuhi zote hizo nikitafuta mtani huyo alijibu nini. Sikusikia kitu. Utani wenye sauti moja una jina jengine." Akawageukia wote. "Na niliposikiliza shule baada ya shule, majina yanayochezewa hivi si majina ya kila mtu. Salma hachezewi. Wala mtoto wa Mhindi mwenye jina refu kuliko ubao. Lake mwalimu hujifunza kulitamka hata akiuma ulimi. Yanayochezewa ni majina ya wale ambao zamani shule hii isingewafungulia lango."

Kingi akawa anaangalia kucha zake. Hakuwa na hasira; alionekana anahesabu majina.

"Hilo jina," akauliza Mwalimu Zilpah, akitazama huku na huku, "lina maana gani hasa? Kwao? Mtu anaweza kuniambia?"

Walimu wakaangaliana. Kombe alikuwa hajawahi kusema katika chumba cha walimu isipokuwa "nimetumwa." Aliuangalia ukuta wa upande wake, ukuta haukumsaidia.

"Halina maana nyengine," alisema. Vichwa vyote viligeuka kwenye kabati. "Ni jina la babangu."

Kisha, kwa sababu walikuwa bado wanamtazama: "Na mtoto ni wangu."

Mwalimu Zilpah alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Bi Raihana, ambaye hakukosa neno mbele ya maprofesa, alisema tu, "Kaka Kombe," pole pole, akavuta kiti kilichokuwa karibu akaketi.

Wakarudi mpaka karibu na ofisi. Hapo Bi Raihana akasimama katikati ya kichochoro, tuktuk ikawapigia honi, hakusogea.

"Sauti ile nitaifuta leo leo ukiniamuru. Ni ya mwanao."

Kombe alifikiri. "Mimi siwezi kuamuru. Si pumzi yangu. Labda umuulize mwenyewe."

Alisema hivyo kwa haya, ili ajiondoe. Hakudhani kwamba daktari wa elimu angefunga safari kwenda kumwomba ruhusa mtoto wa gredi ya tatu. Lakini Jumamosi alasiri alikuwa mlangoni kwake Bondeni, kandambili mkononi, na nyuma yake Mwalimu Zilpah amejifunga leso ya heshima.

Mejumaa alikuwa ameshaambiwa yote. Alisimama mlangoni, amejaa mlango mzima.

"Karibuni," alisema. "Mtaketi mkekani. Viti hatuna humu, mwalimu. Tulicho nacho ni Kiti mmoja, na huyo hakaliwi."

Mwalimu Zilpah akaketi mkekani, na machozi yakamshuka akiwa anatafuta pa kuweka miguu. Kutoka nyuma ya pazia kikasikika kicheko kidogo, kikazimwa upesi. Mejumaa aligeuka. Alikuwa hajakisikia kicheko hicho tangu mwaka uanze.

"Toka basi," alimwambia. "Wageni ni wako."

Mtoto akatoka, akasimama karibu na babake. Mwalimu Zilpah alimwambia kwamba alimkosea, kwamba alimwita kama kitu naye ni mtu, na kwamba Jumatatu atalisema hilo mbele ya darasa zima lililosikia. Alilisema kwa Kiswahili chake cha bara, kifupi na kilichonyooka, bila kujitetea. Mtoto aliangalia vidole vya miguu yake. Mwalimu hakumharakisha.

Kisha Bi Raihana akasogea. "Kiti, mimi ni yule niliyekuwa nyuma yako. Nina sauti yako kwenye chombo hiki. Si maneno, ni pumzi tu. Nataka kuwasikilizisha wakubwa wanaopanga mambo ya shule. Usipotaka, naifuta hapa hapa ukiona."

"Pumzi yangu?"

"Yako."

"Niisikie."

Akamvisha visikizio, vipya. Kombe aliuangalia uso wa mwanawe, na mara hii hakutafuta ukuta. Alimwona akikunja paji la uso alipofika kwenye vicheko. Alimwona anasikiliza kwa macho yaliyofumbwa, vilevile kama Bi Raihana anavyofumba. Kisha mtoto akavuta pumzi, ileile fupi, akafungua macho.

"Hapo nilitaka kusema nipo," alisema.

Bi Raihana alitazama juu, kwenye boriti. Alikuwa ameyajua hayo kwa kusikia tu, peke yake, katika chumba kilichofungwa, na sasa mwenyewe amekuja kumwambia. Kombe hakujua kama jambo la namna hiyo lina jina katika vitabu. Kwake yeye lilikuwa kama mtu aliyekwenda mahali asikofika mtu, akamkuta huko mwanawe, akarudi naye kwa mkono.

"Usiifute," alisema mtoto. "Lakini uwaambie nilikuwepo."

"Nitawaambia kwa maneno hayo hayo."

Wageni walipokwisha kusindikizwa, Mejumaa alikunja mkeka, akaupiga vumbi kuliko ulivyohitaji. Kombe alikohoa.

"Ile Jumatatu," alisema. "Kwa wakili. Mimi naona—"

"Jumatatu mtoto ana shule," alisema Mejumaa. "Nani alikwambia aenda kwa wakili? Ati Ken! Jina la kopo la maziwa."

Kombe akatoka nje na simu. Mtandao ulikuwa mzuri. Mzee wa Rabai hakuwa na habari ya wakili wala ya jina lililotaka kupotea. Alilalamika kuhusu ngedere wanaomwibia madafu, na kuhusu goti, na kuhusu watoto wa siku hizi wasiopiga simu mpaka wapate shida. Kombe alimsikiliza mpaka akamaliza yote.

"Haya, wewe nimeshakuchoka," alisema mzee. "Nipe somo yangu, mwenye jina langu, nizungumze naye."

Kombe akafungua mlango, akamwita mwanawe kwa jina lake.